Kukata Juu na Chini: Jinsi Sehemu za Polinomia Zinavyorahisishwa

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili sehemu hii airahisishe:

(x² + 5x + 6) / (x² − 9)

Kwa wengi, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye x². Ipo juu, ipo chini, basi inapigwa mstari kotekote. Halafu 6 na 9 zote zinagawanyika kwa 3, kwa hiyo juu inabaki 2, chini inabaki 3, na daftari linapelekwa mezani kwa mwalimu likiwa na jibu (5x + 2)/(−3).

Jibu hilo halihitaji mabishano, linahitaji kupimwa. Weka 5 mahali pa x. Kwenye swali, juu tunapata 25 + 25 + 6 = 56 na chini 25 − 9 = 16, na 56/16 ni 7/2. Kwenye jibu la mwanafunzi, juu ni 27 na chini ni −3, yaani −9. Kurahisisha maana yake ni kubadili sura ya mtajo huku thamani yake ikibaki ileile. Hapa thamani imetoka 7/2 ikaenda −9, kwa hiyo hakuna kilichorahisishwa. Tumepata mtajo mwingine kabisa.

Kosa hili wanalifanya hata wanafunzi wenye bidii, na siamini kwamba linatokana na uvivu. Mwanafunzi anafuata kanuni aliyofundishwa tangu shule ya msingi, kwamba kilicho juu kikiwa chini pia, hukatwa. Tatizo ni kwamba kanuni ilimfikia nusu. Nusu iliyobaki inasema kwamba kinachokatwa lazima kiwe kimezidishwa na vyote vilivyobaki, juu na chini. Mada nzima ya sehemu za polinomia imebebwa na sharti hilo moja, na anayelishika vizuri hana kanuni nyingi za kukariri.

Kinachokatwa hasa ni 1

Tuelewane kwanza kwenye majina. Katika sehemu, namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Polinomia ni mtajo unaojengwa kwa namba na herufi zenye vipeo vya namba nzima zisizo hasi, mfano x² + 5x + 6. Hakuna herufi inayokaa chini ya mstari wala ndani ya kipeuo. Sehemu ya polinomia ni polinomia moja juu ya nyingine.

Sasa tuangalie 12/18. Kila mtu anajua jibu ni 2/3, lakini si kila mtu anajua kilichotokea katikati:

12/18 = (6 × 2)/(6 × 3) = 6/6 × 2/3 = 1 × 2/3 = 2/3

Tunasema tumekata 6, ila kilichoondoka kwa kweli ni 6/6, ambayo ni 1. Kuzidisha kwa 1 hakubadili chochote, na ndiyo sababu pekee tunayoruhusiwa kuiondoa. Ile 6 ilikuwa kigawo cha kiasi kizima na kigawo cha asili nzima, ndiyo maana ikawezekana kuitenga pembeni kama sehemu inayojitegemea.

Andika 12 ileile kama 10 + 2, na 18 kama 10 + 8:

(10 + 2)/(10 + 8)

Ukikata 10 juu na chini unabaki na 2/8, yaani 1/4. Hakuna mtoto wa darasa la tano atakayekubali kwamba 12/18 ni sawa na 1/4. Lakini badala ya 10 weka x², na watu wazima wanakubali bila kusita, kwa sababu herufi haionyeshi madhara papo hapo. Ile 10 imejumlishwa. Hakuna namna ya kuichomoa ikawa 10/10 iliyosimama peke yake na kuzidisha kilichobaki.

Kwa hiyo kuna aina mbili za vitu vinavyounda mtajo, na lazima macho yazitofautishe kabla kalamu haijagusa karatasi. Katika 3x + 6, vijumlishwa ni 3x na 6. Vigawo ni 3 na (x + 2), kwa kuwa 3x + 6 = 3(x + 2). Mtajo ni uleule, umeandikwa kwa namna mbili, na ni namna ya pili tu inayoruhusu kukata. Ukiona alama ya kujumlisha au kutoa iliyo wazi, nje ya mabano yote, kukata bado hakujafika.

Kuna sehemu chache zinazowapotosha watu hapa. Chukua 16/64 na ukate tarakimu 6 juu na chini: unabaki na 1/4, na 1/4 ndilo jibu sahihi! Vivyo hivyo kwa 19/95, 26/65 na 49/98. Kati ya sehemu zote zilizo chini ya 1 zenye tarakimu mbili juu na mbili chini, ukiacha zile za kukata sifuri kama 10/20, ni hizo nne tu zinazokubali mchezo huo. Tarakimu 6 ndani ya 16 ni kijumlishwa, maana 16 ni 10 + 6, na ndani ya 64 inasimama kwa 60. Jibu limeangukia sahihi kwa bahati. Jaribu kukata 6 katika 16/63 uone. Mwalimu anayesahihisha kwa kutazama mstari wa mwisho peke yake anaweza kumpa alama zote mwanafunzi ambaye hajaelewa kitu, na kwenye polinomia bahati za namna hiyo zipo pia.

Jambo lingine dogo lenye uzito ni kwamba mstari wa sehemu ni mabano ambayo hayakuandikwa. Wanaokumbuka MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wanajua mabano hushughulikiwa kwanza. Mstari mrefu unaotenganisha juu na chini unasema, “maliza kiasi chote, maliza asili yote, ndipo ugawanye.” Ndiyo maana ukiandika sehemu kwenye mstari mmoja, iwe kwenye kikokotoo au kwenye ujumbe wa simu, lazima uweke mabano. x + 3/x + 5 si (x + 3)/(x + 5) hata kidogo.

Kutafuta vigawo

Kazi yote sasa inahamia hapa: badili juu kuwa mazao ya vigawo, badili chini kuwa mazao ya vigawo, kisha tazama vinavyofanana. Njia za kutafuta vigawo ni zile zilizofundishwa darasani, na nitazipitia haraka. Anza kwa kutoa nje kigawo kikubwa cha shirika, kama kipo: 4x³ − 8x² inakuwa 4x²(x − 2). Angalia kama una tofauti ya miraba miwili: x² − 9 = (x − 3)(x + 3). Kwa x² + 5x + 6 tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa 5. Ni 2 na 3, basi ni (x + 2)(x + 3).

Panapohitaji utulivu ni pale x² inapokuwa na kizidishi. Tuchukue 2x² + 7x + 3. Zidisha kizidishi cha x² na namba ya mwisho: 2 × 3 = 6. Tafuta namba mbili zenye zao la 6 na jumla ya 7: ni 6 na 1. Sasa igawe 7x ya katikati kwa namba hizo:

2x² + 6x + x + 3

Viwili vya kwanza vina 2x kwa pamoja, viwili vya mwisho vina 1:

2x(x + 3) + 1(x + 3)

Mabano (x + 3) yamejitokeza pande zote mbili, nayo yanatolewa nje: (x + 3)(2x + 1). Usiiache ile 1 kwa kuiona haina kazi. Ikipotea, na jibu limepotea. Kwa njia hiyohiyo 2x² − 5x − 3 inatoa (2x + 1)(x − 3). Basi:

(2x² + 7x + 3)/(2x² − 5x − 3) = (2x + 1)(x + 3) / [(2x + 1)(x − 3)] = (x + 3)/(x − 3)

Pima kwa 5: swali linatoa 88/22 = 4, jibu linatoa 8/2 = 4.

Na lile swali la mwanzo? Juu ni (x + 2)(x + 3), chini ni (x − 3)(x + 3). Kigawo (x + 3) kinaondoka, tunabaki na (x + 2)/(x − 3). Kwa x = 5 inatoa 7/2, ileile tuliyoipata kwenye swali. Hapa ndipo wanafunzi wengi waliofanya kila kitu sawasawa wanapoteleza kwenye hatua ya mwisho kabisa. Wanaona x juu, x chini, wanakata tena na kuandika −2/3. Sheria haijabadilika: x ya juu imejumlishwa na 2, x ya chini imetolewa 3. Wewe ishia hapo.

Kuhusu kupima, nimetumia 5 kwa makusudi. Usipende kutumia 0 wala 1. Kwa namba hizo mbili, x, x² na x³ zote zina thamani moja, kwa hiyo makosa ya vipeo yanapita bila kuonekana. Na ujue mpaka wa kipimo chenyewe: majibu yakitofautiana, kosa lipo bila shaka, yakilingana kwa namba moja, umepata dalili nzuri tu, maana 16/64 imetuonyesha bahati inavyoweza kucheza.

Kabla ya kuendelea, ishara. Sehemu (9 − x²)/(x² − 5x + 6) inatoa (3 − x)(3 + x) juu na (x − 2)(x − 3) chini. Wengine wanasema hakuna cha kukata, kwa kuwa 3 − x na x − 3 si kitu kimoja. Wengine wanakata kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba moja ni hasi ya nyingine: 3 − x = −(x − 3). Kwa hiyo zikikatwa inabaki −1, wala si 1, na jibu ni −(x + 3)/(x − 2). Kwa x = 5, swali ni −16/6 na jibu ni −8/3. Zinalingana. Kumbuka tu kwamba 3 + x na x + 3 ni kitu kimoja, hazihitaji ishara yoyote.

Namba ambazo x hairuhusiwi kuzichukua

Vitabu vingi vinalitaja jambo hili kwa sentensi moja kisha vinaendelea, nami naona ndilo lenye hisabati ya kweli kuliko yote. Tulisema (2x² + 7x + 3)/(2x² − 5x − 3) ni sawa na (x + 3)/(x − 3). Ni sawa kweli? Weka x = −1/2. Jibu linatoa 2.5 juu na −3.5 chini, yaani −5/7. Swali linatoa 0/0.

Tuliondoa (2x + 1)/(2x + 1) tukisema ni 1. Ni 1 kwa kila x isipokuwa pale 2x + 1 inapokuwa sifuri. Kwa hiyo usawa wetu una sharti, na sharti huandikwa pembeni ya jibu: x ≠ −1/2, x ≠ 3. Ile 3 inaonekana yenyewe kwenye asili ya jibu. Ile −1/2 haionekani tena popote, imeondoka pamoja na kigawo kilichokatwa, na asiyeiandika amepoteza taarifa. Kanuni ya kufanyia kazi ni nyepesi: namba zilizokatazwa zitafute kwenye asili ya swali, baada ya kupata vigawo na kabla ya kukata.

Kwa nini 0/0 isiwe na jibu? Kugawanya ni kutafuta namba ambayo ikizidishwa na asili inarudisha kiasi. Kwa 7/0 hakuna namba hiyo, kwa sababu chochote ukizidisha na 0 hupati 7. Kwa 0/0 ziko nyingi mno: 4 inafaa, 100 inafaa, −2 inafaa. Brahmagupta, mwanahisabati wa India aliyeandika kanuni za kutumia sifuri mwaka 628, alisema 0/0 ni 0. Kanuni zake za kujumlisha na kuzidisha sifuri tunazitumia hadi leo, lakini hiyo haikusimama, kwa kuwa hakuna sababu ya kuchagua 0 ukaiacha 4.

Aina hizi mbili za katazo zinatofautiana hata kwenye grafu. Chukua (x² − 4)/(x − 2), ambayo ni x + 2 pale x isipokuwa 2. Ukiweka 2.01 unapata 4.01. Ukiweka 1.99 unapata 3.99. Thamani zinaielekea 4 kwa utulivu kutoka pande zote mbili, na grafu ni mstari ulionyooka wenye tundu moja kwenye nukta (2, 4). Sasa chukua 1/(x − 2). Kwa 2.01 unapata 100, kwa 2.001 unapata 1,000, kwa 1.999 unapata −1,000. Hapa hakuna tundu; grafu inapaa upande mmoja na kuzama upande mwingine, ikiukaribia mstari wa wima wa x = 2 bila kuugusa kamwe. Kigawo kilichokatwa kikaisha chini huacha tundu. Kigawo kilichobaki chini huleta mstari huo wa wima. Na kama chini kilikuwepo mara mbili na juu mara moja, mfano (x − 1)/(x − 1)², kimoja kinakatwa na kingine kinabaki, kwa hiyo pale x = 1 utakuta mstari wa wima.

Anayedhani haya ni mapambo ya walimu atatue mlinganyo huu:

(x² − x − 6)/(x − 3) = 5

Juu ni (x − 3)(x + 2). Kata, inabaki x + 2 = 5, kwa hiyo x = 3. Kila hatua inapendeza macho, na jibu ni batili, kwa kuwa x = 3 inaleta 0/0 kwenye swali. Mlinganyo huu hauna jibu. Aliyeandika x ≠ 3 pembeni tangu mwanzo ataligundua mara moja.

Kujumlisha na kutoa

Kuzidisha sehemu za polinomia hakuna jipya: tafuta vigawo vya vyote, kata, zidisha kilichobaki. Kugawanya ni kugeuza sehemu ya pili juu chini kisha kuzidisha, ukikumbuka kwamba kiasi cha sehemu inayogeuzwa nacho hakiruhusiwi kuwa sifuri. Kujumlisha na kutoa ndiko kunakoleta shida, na shida kubwa ni alama ya kutoa.

1/(x − 1) − 2/(x² − 1)

Asili ya pili ni (x − 1)(x + 1), na tayari inayo asili ya kwanza ndani yake. Basi kigawe kidogo cha shirika ni (x − 1)(x + 1). Anayezidisha asili zote mbili bila kutazama vigawo anapata (x − 1)(x² − 1), na ataishia kwenye kipeo cha tatu bila sababu. Sehemu ya kwanza inazidishwa juu na chini kwa (x + 1), ambayo ni kuizidisha kwa 1:

[(x + 1) − 2] / [(x − 1)(x + 1)] = (x − 1) / [(x − 1)(x + 1)] = 1/(x + 1)

Juu kumetokea x − 1, kigawo ambacho hakikuwepo juu kabla ya kutoa. Usifungue mabano ya asili mapema, kwa sababu hujui kitakachojitokeza juu. Masharti: x ≠ 1, x ≠ −1. Mabano ya juu nayo yaandike hata pale yanapoonekana hayana kazi. Swali likiwa x − (x − 2) na ukaandika x − x − 2, utapata −2 mahali pa 2, na hakuna hatua ya mbele itakayokuokoa.

Vigawo visipoonekana kwa macho

Mitihani hutoa maswali ambayo vigawo vyake vinapatikana. Lakini tuseme umekutana na hii:

(x³ + 2x² − 5x − 6)/(x³ − 5x² + 2x + 8)

Njia moja ni kujaribu namba. Weka x = 2: juu ni 8 + 8 − 10 − 6 = 0, chini ni 8 − 20 + 4 + 8 = 0. Ile 0/0 tuliyoiogopa imetusaidia hapa, maana polinomia ikitoa sifuri pale x = 2, basi (x − 2) ni kigawo chake. Ikitoa sifuri juu na chini, (x − 2) ni kigawo cha shirika.

Njia ya pili haihitaji kubahatisha, nami naipenda zaidi. Ni ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Aliitumia kwenye namba: ukitaka kurahisisha 391/437 na huoni kigawo, toa: 437 − 391 = 46. Kitu kinachogawanya namba zote mbili lazima kigawanye tofauti yao pia, kwa hiyo tafuta kati ya 391 na 46. 46 inaingia mara 8 ndani ya 391 na kubaki 23, na 23 inaigawanya 46 bila baki. Kigawo kikubwa cha shirika ni 23, na sehemu ni 17/19. Mwaka 1585 Simon Stevin, mwanahisabati wa Flanders, alionyesha kwamba hesabu hiyo inafanya kazi kwenye polinomia pia. Tujaribu, juu toa chini:

(x³ + 2x² − 5x − 6) − (x³ − 5x² + 2x + 8) = 7x² − 7x − 14 = 7(x² − x − 2)

Kwa kutoa mara moja tu tumeshuka kutoka kipeo cha tatu hadi cha pili. Ile 7 ni namba tupu, iweke kando. Sasa gawanya asili kwa x² − x − 2: inaingia kikamilifu, na jibu ni x − 4. Gawanya kiasi: unapata x + 3. Basi sehemu yote ni (x + 3)/(x − 4), huku x isiwe −1, 2 wala 4. Kwa x = 5, swali linatoa 144/18 = 8, na jibu linatoa 8/1. Programu za kompyuta zinazorahisisha mitajo ya aljebra zimejengwa juu ya wazo hilihili, zikiwa na maboresho ya kuzuia namba zisivimbe njiani.

Inakokwenda

Gari linatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa kilomita 60 kwa saa, linarudi kwa kilomita 40 kwa saa. Mwendo wa wastani wa safari nzima ni upi? Wengi wanasema 50. Tuite umbali d. Safari nzima ni 2d, na muda ni d/60 + d/40:

2d / (d/60 + d/40)

Chini, d ni kigawo cha vyote viwili: d(1/60 + 1/40). Kwa hiyo d inakatwa kihalali, na umbali wa Morogoro hauna athari yoyote kwenye jibu. Kinachobaki ni 2 gawanya kwa 5/120, yaani 48. Kwa herufi, mwendo wa a kwenda na b kurudi unatoa 2ab/(a + b), na tafadhali usikate a. Sura ya ab/(a + b) utaikuta tena kwenye fizikia, katika ukinzani wa nyaya mbili zilizounganishwa sambamba na katika kanuni ya lenzi.

Ukifika kidato cha tano utakutana na sehemu hii, inayotafuta mteremko wa mkunjo wa 1/x:

[1/(x + h) − 1/x] / h

Ukiweka h = 0 mara moja, unapata 0/0. Lakini unganisha sehemu za juu kwanza: unapata −h/[x(x + h)]. Gawanya kwa h, h inakatwa, na kinachobaki ni −1/[x(x + h)]. Sasa ukiipeleka h kwenye sifuri unapata −1/x². Mwaka 1734 askofu na mwanafalsafa wa Ireland, George Berkeley, aliwashambulia wafuasi wa Newton kwa hatua hiyohiyo. Wakati wa kukata mnasema h si sifuri, alisema, kisha dakika inayofuata mnasema ni sifuri. Alikuwa na hoja ya haki, na iliwachukua wanahisabati zaidi ya miaka 80 kuijibu kikamilifu. Jibu, kuanzia kwa mwanahisabati Mfaransa Cauchy mwaka 1821, ni lile tuliloliona kwenye tundu la grafu: h haifiki sifuri. Tunauliza tu thamani inaelekea wapi h inapoikaribia sifuri.

Swali la kujipima: rahisisha (x³ − 8)/(x² − 4), andika masharti, useme kila katazo ni tundu au ni mstari wa wima. Juu ni (x − 2)(x² + 2x + 4), chini ni (x − 2)(x + 2), na jibu ni (x² + 2x + 4)/(x + 2). Tundu liko kwenye nukta (2, 3), mstari wa wima uko kwenye x = −2. Ukishawishika kuendelea kukata kwa kuwa x² + 2x ina (x + 2) ndani yake, angalia ile 4 ya mwisho: mtajo wa juu ni x(x + 2) + 4, na alama ya kujumlisha iko wazi.